Batuli na Zeze la Umeme

Batuli binti Shaban alikuwa na tabia moja iliyowaudhi wateja wa baba yake: redio ikishapona, hakuitoa mikononi. Mwenye mali amesimama barazani, ameshavaa kofia ya kuondokea, na binti bado anakizungusha kitufe cha stesheni huku na huku, taratibu, pale katikati ya stesheni mbili panapotoka mluzi. Mluzi ule ulipanda na kushuka kadiri vidole vyake vilivyotaka. Siku moja, akiwa bado msichana mdogo, aliuchezesha mluzi wa redio kubwa ya mbao mpaka ukatoa wimbo wa harusi uliokuwa ukiimbwa mwezi ule katika mtaa wote wa Kanyenye, pale Tabora. Mama mmoja aliyekuwa akipita na kapu la mihogo akaitikia kiitikio, asijue anamwitikia nani.

Mzee Shaban, baba yake, hakumkemea. Yeye alijifunza redio jeshini, vitani Burma, akibeba mitambo ya mawasiliano mgongoni kwenye matope. Wenzake walirudi Tabora na makoti na hadithi. Yeye alirudi na koleo, chuma cha kulehemu na subira. Akafungua duka dogo Kanyenye, katika nyumba ya ukoo wao, nyumba ya watu waliokuwa wakiwauzia wapagazi wa misafara chakula na kamba tangu enzi za babu wa babu. Hakujaliwa mtoto wa kiume. Alipoulizwa ufundi wake atamwachia nani, alimwonyesha Batuli aliyekuwa amekaa chini, kichwa chote kimezama ndani ya kabati la redio.

"Huyo hapo," akasema. "Au hamumwoni?"

Uhuru ulipokuja, redio ziliongezeka. Lilipokuja Azimio la Arusha zikaongezeka tena, kwa kuwa kila kijiji kilitaka kusikia kinachosemwa Dar es Salaam, na redio za vijijini ziliharibika kwa namna zake: nyingine mende wamezaa ndani, nyingine imenyeshewa, nyingine imetiwa betri kinyume. Wakati huo Batuli alikwisha olewa na Nassibu, makanika wa reli, mtu mpole asiyeuliza kwa nini meza ya chakula imejaa transista. Macho ya Mzee Shaban yalianza kufifia, kwa hiyo kazi zote ndogondogo zilikuwa za Batuli, na baada ya muda zile kubwa pia. Watu waliozoea kuuliza, "Fundi yupo?" walizoea kujibiwa na sauti ya kike: "Yupo. Ndiye mimi."

Mambo ya kutengeneza ala ya muziki aliyaanzisha binamu yake, Abasi, kiongozi wa bendi ya mtaani iliyojiita Nyota ya Kanyenye. Abasi alipiga gitaa kwa ufundi, na alikuwa na kiu moja isiyokwisha. Alikwenda Dar es Salaam mara moja akaona kinanda cha umeme jukwaani, na tangu aliporudi hakukuwa na mazungumzo mengine. Lakini vitu vya nje vilikuwa adimu siku zile. Hata nyuzi za gitaa zilizochakaa zilichemshwa zikarudishwa kwenye gitaa.

"Acha kulialia, kaka," Batuli akamwambia siku moja alipokuwa akimtengenezea spika. "Sauti si kitu cha kuletwa na meli. Nitakutengenezea."

Abasi akacheka. Batuli hakucheka.

Ala ya kwanza aliitengeneza kwa kichwa chake tu. Alichukua transista kutoka redio zilizokufa, akaziunganisha zitoe ule mluzi aliouzoea tangu utotoni, akaweka kitufe kimoja cha kuupandisha na kuushusha. Ndani ya duka ilikuwa tamu kabisa. Akaipeleka kwenye ukumbi mdogo ambamo bendi ilifanyia mazoezi ya jioni. Abasi akahesabu, ngoma ikaingia, magitaa yakaingia, na Batuli akazungusha kitufe. Kila alipoifikia sauti aliyoitaka, wimbo ulikuwa umeshahama.

"Tumepata mbu," mpiga ngoma akasema. "Mbu aliyeshiba."

Ukumbi mzima ulicheka, isipokuwa mtu mmoja, Elieza, mpiga gitaa la pili, ambaye mchana alikuwa mwalimu wa fizikia katika sekondari moja ya pale mjini. Yeye aliinama kwenye kisanduku akakigeuzageuza.

"Dada Batuli, sauti ni nzuri. Kinachokosekana ni kipimo," akasema. "Hapa unabahatisha. Tuipime kila sauti na gitaa, tujue kila moja inataka nini, kisha tuzifungie mahali pake. Weka vibao kama vya kinanda."

Batuli alilipenda wazo hilo. Walishughulika nalo majuma kadhaa, Elieza akipima na kukokotoa, Batuli akikata vibao kutoka mkebe wa biskuti na kulehemu. Mwalimu alikuwa na sikio safi na mkono usiotetemeka, na katika majuma hayo Batuli alijifunza kwa nini mambo aliyokuwa akiyafanya kwa mazoea yalikuwa yakifanikiwa. Ala ya pili ilitoka imenyooka, kila sauti sawasawa na gitaa. Bendi ikaipiga. Hakuna aliyecheka safari hii, lakini hakuna aliyetikisa bega pia. Kila sauti ilisimama peke yake kama askari kwenye gwaride.

"Hakuna kosa hapa," Abasi akasema, akijikuna shingo. "Ila haina mate mdomoni."

Njiani wakirudi Elieza alisema pengine waongeze vibao. Batuli akasimama.

"Mwalimu, tunaanzia pasipofaa. Sisi tunatengeneza ala halafu tunatafuta wa kuipiga. Mshonaji gani anashona kanzu kabla hajamwona atakayeivaa?"

"Na atakayeivaa ni nani?"

"Sijui," Batuli akajibu. "Lakini nitamjua."

Alimjua kwa njia ya redio iliyovunjika. Aliyeileta dukani alikuwa mwanamke kutoka Itetemia, nje kidogo ya mji, aitwaye Minza, mfinyanzi wa vyungu, mikono yake bado na udongo kwenye kucha. Kitufe cha redio kilikuwa kimeng'oka pamoja na kipande cha kabati.

"Imeanguka?" Batuli akauliza.

"Haikuanguka. Ni baba. Akisikia wanapiga zeze kwenye redio anaizima. Juzi kaizima kwa hasira mpaka ikawa hivyo."

"Hapendi zeze?"

Minza akamtazama kama anayepima kama mtu huyu anastahili kuambiwa. Kisha akamwambia. Baba yake, Limbu, alikuwa mpiga zeze anayejulikana kuanzia Igunga hadi Nzega. Harusi za watu wenye ng'ombe wengi zilisubiri yeye awe na nafasi. Halafu mwaka mmoja, wakati wa kulima, ng'ombe wake walishtuka wakakimbia na plau, na mnyororo ukamzonga mkono wa kushoto. Hospitali waliuokoa mkono lakini si vidole. Vilibaki gumba na kidole cha mwisho. Mkono wa kulia ulikuwa mzima, ungeweza bado kuvuta upinde, lakini ule wa kushoto ndio unaoutafutia uzi sauti. Mzee alimpa mtu zeze lake, akauza ng'ombe, akahamia kwa binti yake Itetemia.

Redio ilitengenezwa siku ileile. Batuli hakusubiri Minza arudi kuichukua; aliipeleka mwenyewe, kwa miguu.

Limbu alikuwa amekaa kwenye kigoda nje ya nyumba, mkono wa kushoto umefichwa chini ya shuka. Alikuwa mtu mrefu, mashavu yamebonyea, na alimtazama mgeni bila kukunjua uso.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umeleta redio."

"Nimeileta. Na nimekuja kuuona mkono wako."

Minza, aliyekuwa akikanda udongo pembeni, aliacha kukanda.

"Watu huja kunipa pole," Limbu akasema. "Wewe umekuja kutazama?"

"Pole umeshapewa nyingi, mzee wangu. Mimi ni fundi. Nataka kujua mkono huo unaweza nini."

Labda ni kwa sababu hakuna aliyewahi kumwuliza hivyo. Limbu aliutoa mkono chini ya shuka akauweka juu ya goti. Batuli akamwomba abonyeze, avute, ageuze, afinye. Mkono ule haukuweza kuchagua wala kugusa vitu vidogo. Lakini kufinya! Gumba na kiganja vilipokutana, vilikuwa na nguvu ya mtu aliyekamua ng'ombe maisha yake yote, na si nguvu tu: mzee aliweza kufinya kidogo, na kidogo zaidi, na kulegeza polepole mpaka usione mwisho wake. Batuli alimpa kidole chake kifinywe, akafumba macho kuisikia ile nguvu ikija na kuondoka.

"Basi, nimeona," akasema. "Mkono wa kulia utatafuta sauti. Huu wa kushoto utakuwa pumzi."

"Mwanangu, sijui unasema nini."

"Utajua nikirudi."

Siku chache baadaye Nassibu alikwenda kazini kwa miguu, kwa kuwa breki ya baiskeli yake ilikuwa imehamia kwenye ubao mezani. Batuli alikuwa ameunganisha mkono wa breki na volumu ya redio: ukifinya sauti inakuja, ukilegeza inakwenda. Upande wa kulia alinyoosha juu ya ubao ule waya mwembamba wa jiko la umeme, wenye kuzuia umeme kadiri unavyozidi kuwa mrefu. Kidole kikiubonyeza karibu, sauti iko juu. Kikiteleza mbali, inashuka, bila kuruka, kama koo la mtu. Na kwa kuwa Itetemia hakukuwa na umeme, kila kitu kilitumia betri.

Elieza alipouona ule waya hakuridhika. "Umevitupa vipimo vyote," akalalamika. "Atajuaje sauti iko wapi? Tuweke vizuizi, japo vidogo."

"Mzee huyu amepiga uzi mtupu tangu kijana. Kizuizi kitamkwaza."

"Na wa pili atakayetaka kujifunza? Na wa tatu?"

Batuli akafikiri. Hilo halikuwa neno la kupuuzwa. "Weka alama, Mwalimu. Za rangi, si za kukwaruza kidole. Asiyezihitaji hatazitazama." Elieza akapima tena, akachora mistari myekundu chini ya waya, na kila mmoja akaona ameshinda.

Limbu alipoletewa ala hiyo hakuigusa mbele yao. Alisema tu, "Iacheni." Batuli alikuwa amejiandaa kukaa naye, kumfundisha, kumwonyesha breki na waya. Minza akamvuta mkono.

"Iache, dada. Ukimtazama hataipiga."

Basi wakaiacha. Batuli aliona shida sana. Kitu amekitengeneza mwenyewe, anajua kila lehemu iko wapi, na sasa kiko mikononi mwa mtu mwingine na hajui kinafanywa nini. Alijizuia mpaka mwezi ukapita, kisha akaenda.

Alichokikuta kilimchemsha damu. Spika ilikuwa imefunikwa kibuyu kilichotobolewa tundu kubwa shingoni na kubandikwa kwa nta. Waya nao ulikuwa umepakwa nta mpaka ukang'aa. Mkono wa breki ulikuwa umefungwa ngozi ya mbuzi, na ubao ulikuwa umechongwa chini ili uinamie upande mmoja.

"Mzee Limbu! Umeiharibu!"

"Nimeivalisha," Limbu akajibu. "Keti."

Akaiweka ala kwenye magoti, akafinya, akatelezesha. Sauti iliyotoka haikuwa ule mluzi wa redio. Ilipita ndani ya kibuyu ikatoka na ukwaruzo, ikatoka na unyevu, mara inanong'ona, mara inaita. Na ile breki, ambayo Batuli aliifikiria kama bomba la kufungulia maji, mzee aliitumia kama mtu anayevuta upinde: anaisukuma, anaikata, anaitetemesha. Alikuwa akipiga wimbo wa kuwapeleka ng'ombe kisimani. Minza alisimama mlangoni, mikono yenye udongo imening'inia, machozi yanamtiririka bila kuyafuta.

Batuli alikaa chini palepale kwenye vumbi, na hasira yote ikamtoka. Aliona kwamba yeye alikuwa ametengeneza nusu tu, na nusu ya pili isingeweza kutengenezwa dukani hata angekaa na chuma cha kulehemu mwaka mzima. Wimbo ulipokwisha alisema, "Mzee, kibuyu hicho kimekaa vibaya. Nitakuletea skrubu." Limbu akacheka kwa mara ya kwanza, kicheko kikubwa cha mtu wa machungani.

Tangu hapo wakawa na utaratibu wao. Batuli alikuja Itetemia, akatazama mikono ya mzee inakwama wapi, akarekebisha papohapo kama ni jambo dogo, au akaibeba ala mpaka dukani kama ni kubwa. Elieza alikuja naye Jumamosi, akapima sauti na kueleza kwa nini jambo fulani lilitokea, na mara mbili tatu maelezo yake yaliwaepusha kupoteza kazi nyingi. Abasi alikuja mara moja kusikia, akasikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Mazoezi ya nini tena? Ala hii iende mbele za watu. Huko ndiko itakakoonyesha ilivyo."

Ikaenda mbele za watu pamoja na bendi, magitaa yakitumia jenereta ya kukodi, kwenye harusi moja Itetemia, msimu wa mavuno, mchana wa jua kali. Ilianza vizuri. Watu walisimama kutazama mzee anayefinya breki ya baiskeli na kutoa zeze. Lakini wimbo wa pili ulipofika katikati, Batuli alisikia jambo: sauti ilikuwa ikipanda yenyewe. Limbu aliisikia kabla yake. Aliteremsha kidole kuifuata, ikapanda tena, akateremsha tena, magitaa yakabaki chini, yeye akaendelea kuifukuza mpaka kidole kikafika mwisho wa waya, na waya ukamwishia. Abasi akakata wimbo. Kijana mmoja mlevi akapiga yowe la kejeli, na wengine wakacheka.

Limbu aliinua mkono wake wa kulia kutoka kwenye waya akauweka juu ya ule wa kushoto, kuufunika. Kuona hivyo kulimuuma Batuli kuliko kicheko chote. Alitembea mpaka katikati ya uwanja mbele ya watu, akaweka kiganja juu ya kisanduku cha transista, akakiondoa haraka. Kilikuwa cha moto kama sufuria.

"Ndugu zangu, mzee hakukosea," akasema kwa sauti ya kusikika. "Chombo kimeshikwa na jua. Hiyo ni kazi yangu, na nitaimaliza. Mtamsikia tena."

Akaibeba ala mwenyewe, akamshika mzee mkono, wakaondoka wamenyoosha shingo.

Asubuhi yake Elieza alikuja dukani na pasi ya mkaa. Aliisogeza karibu na transista, sauti ikapanda. Akaweka kitambaa kibichi, ikashuka. Akarudia, na kurudia tena, mpaka Mzee Shaban, ambaye sasa alisikia zaidi kuliko kuona, akasema kutoka kwenye kiti chake, "Burma tulizifukia redio kwenye mchanga wa mto. Joto lile lisingeacha kitu."

Elieza na Batuli wakatazamana. Ndipo wakamwendea Minza. Kama kuna mtu aliyejua kukiweka kitu kikae baridi mchana kutwa, ni mtu anayefinyanga mitungi ya maji. Minza alisikiliza, akauliza kisanduku kina upana gani, akakipima kwa shubiri. Alifinyanga mtungi wenye tumbo pana na kuta mbili, katikati mchanga wa kulowanishwa, ndani kavu. Kisanduku cha transista kikaingia humo, nyaya zikatoka kwenye tundu la pembeni. Waliuweka juani kutwa nzima. Jua lilipozama Elieza alipima sauti akasema, "Imekaa," na alipenda jinsi ilivyokaa hata akapima tena bila sababu.

Walikuwa wanajiandaa kurudi mbele za watu ilipokuja amri ya serikali ya kuhamia vijiji vya ujamaa. Familia zilizokuwa zimetawanyika huko pembezoni zilihamishwa, na Minza na baba yake wakapangiwa kijiji kipya upande wa Urambo. Mambo yalikwenda haraka. Batuli alipopata habari akakimbia Itetemia, alikuta nyumba imeezuliwa na lori limeshaondoka. Jirani alimwambia mzee alipanda na ala yake magotini, na kwamba mtungi ulipasuka wakati wa kupakia.

Miezi ilipita bila habari. Batuli aliendelea na redio zake, lakini Nassibu alimwona akisimama katikati ya kazi na kutazama ukutani. "Kwa nini usiende?" akamwambia. "Treni si inapita huko?"

Nafasi ilijitokeza kijiji kile kilipoandaa sherehe ya kufungua ghala na shule yake, na Nyota ya Kanyenye wakaalikwa. Batuli alipanda treni pamoja na bendi, begi lake limejaa betri, nyaya na spika ya akiba. Kutoka stesheni ya Urambo walichukuliwa na trekta, wamekaa juu ya trela pamoja na magitaa, wakipita mashamba ya tumbaku, vumbi likiwafanya wote wafanane.

Limbu alikuwa amekonda, lakini alisimama wima kumpokea. Ala ilikuwa nyumbani kwake, imefunikwa shuka safi. Chini yake ulikaa mtungi mpya.

"Udongo wa huku ni bora," Minza akaeleza, kwa sauti ya mtu anayejua thamani ya kazi yake. "Ukuta nimeufanya mwembamba, unapumua zaidi. Kaguse."

Batuli akagusa. Mtungi ulikuwa baridi kuliko ule wa kwanza.

Tatizo lilikuwa uwanjani. Jenereta iliyotegemewa ilikuwa imekwama mjini kwa kukosa gari, na bila jenereta magitaa ya umeme hayana tofauti na mbao. Wageni walikwisha keti. Kwaya ya kijiji ilikuwa imeimba nyimbo zake zote na kuanza kuzirudia. Abasi alikuwa akizungukazunguka nyuma ya jukwaa la miti, jasho linamtoka.

"Tumeaibika, Batuli. Tutapiga nini?"

"Kuna ala moja hapa haihitaji jenereta," Batuli akasema. "Chukua ngoma, kaka. Leo wewe fuata."

Abasi alimtazama, akamtazama Limbu, na ni sifa yake kwamba hakubisha. Aliliweka gitaa chini, akamwendea mzee akainama kidogo. "Mzee, tuongoze."

Batuli alimimina maji kwenye mchanga wa mtungi, akaunganisha betri, akafunga spika mbili kwenye vibuyu viwili. Jua lilikuwa utosini. Limbu akaketi, akaupeleka mkono wa kushoto kwenye breki bila kuuficha, mbele ya kijiji kizima, akafinya.

Alianza na ule wimbo wa kuwapeleka ng'ombe kisimani. Uwanja ulikuwa umejaa watu waliotolewa huku na kule, wengine hawajajuana majina, wengine bado wana uchungu wa nyumba walizoziacha. Sauti ya zeze ilipotoka kwenye vibuyu, wazee wa Kinyamwezi na Kisukuma walioketi nyuma waliinua vichwa pamoja. Mmoja akaitikia. Mwingine akaitikia. Abasi akaingia na ngoma, kwa heshima, kisha kwa furaha. Elieza akachukua chupa na kijiko. Sauti haikupanda, haikushuka, ilikaa pale mzee alipoiweka. Wanawake wakaingia uwanjani kwanza, wakapiga vigelegele, vumbi likatimka. Limbu alipomaliza wimbo mmoja hakusubiri kuombwa mwingine. Alipiga zile za harusi, za mavuno, na moja ambayo Batuli hakuwahi kuisikia, akagundua kwamba mzee alikuwa akiitunga palepale, akitumia ile miteremko mirefu ambayo zeze la uzi haliwezi na waya wake unaweza.

"Hii umeitoa wapi?" akamwuliza baadaye, wakinywa maji.

"Imo kwenye chombo chako," Limbu akasema. "Hukuijua?"

"Sikuijua."

"Basi tumefundishana."

Limbu alipiga ala ile miaka mingi baadaye, na kijiji kile kilijulikana kwayo. Harusi za Urambo zilianza tena kusubiri awe na nafasi. Alipofariki, Minza aliichukua. Elieza alihamishiwa shule ya mbali, lakini kila likizo alipopita Tabora aliteremka Kanyenye na kuuliza kwanza kama kuna kitu cha kupima. Abasi hakupata kinanda chake cha Dar es Salaam. Alipata kitu alichokisimulia zaidi.

Batuli alitengeneza ala nyingine nne maishani mwake, na hakuna mbili zilizofanana. Moja ilikuwa ya mwimbaji wa ngoma ya lelemama asiyeona, ambayo sauti zake alizitambua kwa vitambaa mbalimbali vya kugusa: kanga, gunia, ngozi. Nyingine ya seremala aliyetaka kupiga kwa miguu, huku mikono ikiwa na ngoma. Kila mara alianza vilevile. Alikwenda kwanza kwa mtu, akaketi, akaomba aone mikono au miguu inaweza nini. Akatengeneza kitu kibaya kibaya, nusu tu, akakiacha. Kisha akarudi kukuta kimevalishwa, na safari hizo hakukasirika. Vijana waliotoka chuoni wakimwendea na michoro ya ala zao aliipenda michoro, aliisoma kwa makini, na alikuwa na swali moja: nani ataipiga, na ameshaishika?

Mara ya mwisho watu wa bendi walipomtembelea, walimkuta barazani na Minza, mvi zimewajaa wote wawili. Minza alikuwa ameshuka na treni ya asubuhi. Alitaka waya wa pili uongezwe pembeni mwa ule wa baba yake, kwa kuwa yeye mkono wake wa kushoto una vidole vitano, na vinne kati yake vilikuwa vikikaa bure. Batuli alikuwa ameshafungua ubao na kuwasha chuma cha kulehemu.

"Shika hapa," akamwambia Minza. "Usitazame mimi nafanya nini. Nionyeshe kidole kinataka kwenda wapi."